Hita ya lita ngapi inatosha nyumba yako hapa Pwani? Hesabu ndoo, wacha kuhesabu vichwa

Kuna watu ukiwatajia hita wanacheka, Malindi na joto hili hita ya nini. Hao hawajaoga saa kumi na moja alfajiri mwezi wa saba, kusi limeshika, mawingu tangu juzi na tangi la juu limepigwa upepo usiku kucha. Si baridi ya Limuru, sikatai, lakini maji yale yakikugusa mgongo unaruka. Na kama nyumbani kuna mzee, au mtoto mchanga, au mzazi aliye ndani ya arubaini anakandwa asubuhi na jioni, hapo hakuna mjadala tena, ama mna hita ama mtu asimame kwenye seredani kila alfajiri na sufuria.

Shida ni saizi. Nilipoenda dukani kijana wa kaunta aliniuliza swali moja tu, "Mko wangapi?" Nikamwambia saba. Hata hakupumua, "Chukua lita 150, ya 100 itawasumbua." Basi. Hakuuliza tunaoga saa ngapi, hakuuliza maji yetu ya kisima au ya kampuni, hakuuliza kama mamangu anatumia shawa (hatumii, anaoga kwa ndoo na kata na hataki kusikia jengine). Ile hesabu ya kichwa mara lita ishirini na kitu imetoka bara huko ambako maji ya mfereji yanatoka kama ya friji, na sisi tunauziwa hivo hivo. Nilirudi nyumbani bila kununua, nikapima mwenyewe, nikaishia na hita ya tangi la lita 50 na huu ni mwaka wa tatu hatujagombana.

Nilivofanya ni hivi. Chukua ndoo ya lita 20, zile za rangi au za mafuta ya kupikia, iweke chini ya shawa, fungua maji kama unavofungua siku zote ukioga, usijitie ustaarabu sababu unapima, alafu washa saa ya simu. Yangu ilijaa kwa dakika tatu na sekunde ishirini, yaani lita 6 kwa dakika. Fanya hivo tangi la juu likiwa nusu, likijaa presha inakudanganya kidogo. Baadae nikakaa sebuleni siku mbili na simu mkononi nahesabu kila mtu anayeingia bafuni kakaa na maji dakika ngapi, mke wangu akaniuliza kama nimefukuzwa kazi. Lakini nikapata majibu ambayo kijana wa duka hana: mimi dakika nne, yeye tano, wasichana wawili wakubwa dakika tano tano, wadogo wanaogeshwa jioni kwa beseni, na mamangu anaoga saa nne asubuhi jua limeshapasha tangi, anataka nusu ndoo ya vuguvugu tu.

Sasa angalia hapo. Tuko saba lakini wanaogombania maji moto kwa wakati mmoja ni wanne, kati ya saa kumi na moja na nusu na saa moja kasoro, kabla ya shule na kazi. Hio ndio saa ya kununulia hita. Maji ya siku nzima hayakuhusu, maana hita ikishamaliza msongamano ina saa kumi za kujaza joto upya na hakuna anayeisumbua. Kwetu saa ile inakula lita 24 zangu, 30 za mke wangu, na 60 za wasichana, jumla 114. Wewe nyumba yako inaweza kuwa kinyume, kama watu wenu wanatoka baharini au kazini magharibi basi saa yenu ni ya jioni, na hio inabadilisha mambo mengi, ntarudi hapo kwenye sola.

Lakini usikimbilie kununua tangi la lita 114, maana maji ya kuoga si ya moto matupu, ni mchanganyiko. Mtu anaoga na maji ya nyuzi kama 38 hadi 40, tuseme 39. Hita unaiweka 60. Ya baridi kwetu niliyapima alfajiri kwa kipima joto cha jikoni, yalikuwa 26, na hapo ndio siri yote ya Pwani ilipo. Toa 26 kwa 39 unapata 13, toa 26 kwa 60 unapata 34, gawa 13 kwa 34, inakuja kama 0.38. Maana yake katika kila lita 10 za kuoga ni lita 4 kasoro tu ndizo zinatoka kwenye hita, zilobaki ni baridi. Kwa hivo zile 114 zangu zinataka lita 43 au 44 za moto basi. Fanya hesabu ileile kwa mtu wa Limuru ambae maji yake tuseme ni nyuzi 16, anapata zaidi ya nusu, karibu lita 60, kwa kuoga kulekule. Yeye anahitaji tangi la 80 na mimi la 50, na wote tumeulizwa "mko wangapi".

Kitu kimoja zaidi kwenye hesabu, tangi halikupi maji yake yote yakiwa moto. Ukifungua, ya baridi yanaingia kwa chini yanasukuma ya moto kwa juu, na mwisho mwisho yanachanganyikana yanakuwa vuguvugu la kukera. Chukulia unapata asilimia 80 hivi. Kwangu 44 gawa kwa 0.8 ni 55, na matangi yanakuja 30, 50, 80, 100, sasa hapo mtu atasema basi nunua 80. Mimi nilichukua 50 kwa sababu elementi, ile inayopasha maji ndani ya tangi, haijalala wakati mnaoga. Ya kilowati 1.5 inaweza kupasha karibu lita 38 mpya kwa saa moja kutoka 26 mpaka 60, na sisi hatuogi wote kwa dakika kumi, tunatawanyika saa nzima na zaidi. Zile lita tano zilopungua zinapatikana kabla msichana wa pili hajamaliza kuchana nywele. Kama nyinyi mna bafu mbili na mnaoga sambamba ndani ya dakika ishirini, basi hapo usinisikize, chukua 80.

Na mzazi akiwa ndani? Hapo vuguvugu halitoshi, anayemkanda anataka maji ya kuchoma kidogo, tuseme nyuzi 48, na ndoo nzima ya lita 20. Hio inakula lita 13 za moto kwa mara moja. Lakini kwa kawaida anakandwa watu wakishatoka, kwa hivo haiongezi saizi ya hita, inaongeza tu kuambiana. Vilevile usinunue tangi kwa ajili ya wageni wa Idi au wa Maulidi. Mtu wa Lamu nyumba inajaa watu ishirini mwezi wa Maulidi, magodoro mpaka darini, sasa utanunua hita ya watu ishirini uipashe mwaka mzima kwa ajili ya siku nne? Wageni watapanga foleni, na shangazi yako ataoga maji ya tangi la juu saa nane mchana ambayo yameshapikwa na jua bure.

Pesa sasa. Kupasha lita 50 kutoka 26 mpaka 60 ni kama yuniti 2 za stima. Lita 150 ni karibu yuniti 6. Nikichukulia yuniti shilingi 30 ili hesabu iwe nyepesi, ni shilingi 60 kwa 180 kila unapoanza na tangi la baridi. Ni kweli maji usiyoyatumia hayapotei, yanakaa moto, lakini tangi linavuja joto polepole usiku na mchana, na likubwa linavuja zaidi, ukiliacha limewashwa saa 24 unaweza kulipa yuniti nzima kwa siku ya kupasha hewa ya bafu. Mimi nimefunga taima, inawaka saa kumi alfajiri, inachukua saa moja na dakika ishirini kufika, inazima saa moja.

Wasiotaka tangi wanaenda kwenye instanti, ile inayofungwa kwenye kichwa cha shawa. Hii haina lita, ina kilowati, na hapa pia watu wa Pwani tunauziwa nguvu tusiyoihitaji. Hesabu yake ni ya kidole: lita kwa dakika, mara nyuzi unazotaka kuongeza, mara 70, jibu ni wati. Shawa ya lita 4 kwa dakika, unatoka 26 kwenda 39 ni nyuzi 13, 4 mara 13 mara 70 ni 3,640. Kwa hivo instanti ya kilowati 3.5 hadi 4 inakutosha kabisa kama maji yako hayatoki kwa kasi. Kwa shawa yangu ya lita 6 ni 5,460, hapo nahitaji ile ya 5.5. Mtu wa Limuru kwa lita 4 tu anahitaji karibu 6,500, ndio maana yeye ananunua kubwa, sio kwamba ana pesa kukuzidi.

Lakini instanti ina masharti mawili na watu hawayaulizi mpaka imeshafungwa. La kwanza presha. Ndani kuna kitu kinasukumwa na maji ndio kiwashe stima, na maji yakiwa dhaifu haiwaki. Kila mita moja tangi linapokuwa juu ya shawa ni presha ya ba 0.1 tu (ba ni kipimo cha presha), na nyumba zetu za dari bapa tangi limekaa juu ya slabu palepale, labda mita moja na nusu kutoka kichwa cha shawa. Soma kwenye boksi inataka ngapi, kama inataka 0.2 basi ama uliinue tangi kwa jukwaa ama uweke pampu ndogo. La pili ni waya. Kilowati 5.5 ni kama ampia 23, ukiichomeka kwenye soketi ya ampia 13 unatafuta moto wa nyumba. Inataka waya wake peke yake wa milimita 6 kutoka kwenye boksi la stima, breka yake, athi ya kweli ya kwenda ardhini na ile breka yenye kitufe cha kutesti inayokata stima ikivuja. Fundi akikwambia athi si lazima, mpe chai aende.

Haya, chumvi. Hapa ndio kosa langu la kwanza. Kabla ya tangi nilinunua instanti ya kawaida, bei nzuri, muuzaji akaapa. Maji yetu ni ya kampuni siku za mgao, yale yanayotoka Baricho kwenye mto Sabaki, matamu hayana neno, lakini siku zilobaki tunavuta kisima na kisima chetu kina chumvi ya kuweza kupikia ugali. Instanti za kawaida nyingi elementi yake ni waya uchi umekaa ndani ya maji, na maji ya chumvi yanapitisha stima kuliko maji matamu, sasa na athi yangu wakati ule ilikuwa ya kubahatisha. Binti yangu akaingia, akagusa mfereji, akatoka mbio na povu kichwani anasema bafuni kuna jini linamvuta vidole. Mamangu akaanza kusoma ayatul kursi mlangoni. Nikaenda kugusa mwenyewe, jini nikamjua, nikazima meni swichi.

Kwa hivo kabla hujafika kwenye saizi jua maji yako. Kama sabuni haitoi povu na sufuria zinaota ukoko mweupe, hayo ni magumu, na ukionja yana chumvi basi instanti lazima iwe ile iloandikwa ni ya maji ya chumvi, elementi yake imefunikwa, ni ghali kidogo, nunua hio au usinunue. Ukiwa na kisima na mgao kwa pamoja kama sisi, hesabu kwamba una chumvi. Kwenye tangi elementi imefunikwa tayari lakini tatizo linakuwa kutu, ndani mna fimbo ya magnesiamu, inaitwa anodi, kazi yake ni kuliwa na maji badala ya tangi kuliwa. Mwenye maji matamu anaiangalia kila mwaka au miwili, mwenye kisima ifungue kila miezi sita. Yangu ya kwanza ilitoka nyembamba kama njiti ya mshikaki, na fundi alisema ningengoja Idi ya pili ningekuwa na tangi la kuvuja. Chokaa nayo inashika zaidi maji yakiwa moto sana, kwa hivo usiipandishe hita mpaka 75 ukidhani unaongeza lita. Ni kweli unapata maji mengi ya kuchanganya, lakini elementi inavaa koti la mawe na inakula stima kwa kazi ileile. Wacha 60. Usishushe sana pia kwa kubana tokeni, maji ya vuguvugu yakikaa tangini siku nyingi yanafuga vijidudu. Na kwa 60 mtoto anaungua kwa sekunde chache tu, kwa hivo watoto wafundishwe kufungua ya baridi kwanza.

Sola nimeiacha mwisho kwa sababu ndio watu wanajaza ukubwa wa kupindukia. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, Malindi kama nyuzi 3 kusini, Lamu 2 na kitu, jua halina shida. Bara wanahesabu lita 50 kwa mtu, hapa 30 zinatosha ukishafanya ile hesabu ya kuchanganya, yaani nyumba ya watu sita au saba ni lita 200. Ukiweka 300 huku mnatumia 120, Januari na Februari kaskazi linavuma na jua kali, maji yatachemka juu ya nyumba, valvu itakuwa inatema mvuke kila mchana na chokaa itajaa. Sola kubwa kwetu ni hasara mara mbili. Masika ya mwezi wa nne na wa tano mawingu yakikaa siku tatu ndio unahitaji elementi ya akiba ndani, hakikisha ipo. Na kama ni maji ya kisima chukua ile ambayo maji yako hayapiti kwenye paneli yenyewe, yanapashwa na maji mengine yaliyofungiwa yakizunguka pembeni.

Ile saa ya msongamano nilosema, kwenye sola ndio inaamua. Shemeji yangu ana gesti ndogo Shela, kisiwani Lamu, vyumba vinne, wageni wanane wakijaa. Hao wanarudi kutoka ufukweni saa kumi na mbili jioni wote na mchanga mpaka masikioni, kila mmoja anakaa chini ya shawa dakika nane. Lita 48 mara nane ni 384, mara 0.38 ni 146 za moto, gawa kwa 0.8 ni 182. Tangi la sola la 200 linamtosha vizuri kwa sababu jioni ndio limejaa joto la siku nzima. Mimi ninayeoga alfajiri, sola ingelala usiku ikipoa nyuzi kadhaa kabla sijafika, ningelazimika kuongeza saizi au kuwasha elementi, ndio maana kwangu stima ilishinda na kwake jua.

Sasa wa Lamu mji wa kale mna mambo yenu zaidi. Lita 200 ni kilo 200 za maji, ongeza tangi na fremu unakaribia 300, na dari za nyumba za zamani ni boriti za mikoko na matumbawe na chokaa, zengine zimeshuhudia babu wa babu. Mwite fundi wa nyumba kabla ya fundi wa hita, alione lile pembe unalotaka kuweka, aseme linakaa juu ya ukuta au linaning'inia katikati. Juu ya makuti msijaribu hata kidogo. Na mji ule ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, kitu kinachoonekana juu ya dari kaulize watu wa uhifadhi kwanza, usije ukafunga ukaambiwa fungua.

Alafu pima ngazi. Hili shemeji hakulifikiria. Tangi lake lilivuka kutoka Mokowe, gati ya upande wa bara, kwa boti salama, likapakiwa mkokoteni, likapita vichochoro vyote bila mkwaruzo, likafika mlangoni likagoma kupinda kona ya ngazi, limezidi kwa kama vidole vinne. Likakaa dakani wiki mbili mpaka wakapatikana vijana wa kulipandisha kwa kamba kwa nje, na muda wote huo wazee wa baraza walikuwa wanaweka juu yake vikombe vyao vya kahawa.